Kiatu cha Kushoto

Kabla jua halijavuka kilima cha Kadutu
mama hukata kamba ya baloti kwa wembe.
Viatu humwagika juu ya turubai,
vimekunjamana tangu melini,
na karibu vyote vimepotezana.
Kazi yangu, kabla ya kengele ya shule, ni kuvioza.

Ndivyo tunavyosema kwetu: kuoza viatu.
Mteja mmoja alicheka: vitaoza vipi, na vyote ni plastiki?
Lakini mimi, Nsimire, ndiye mshenga.
Napekua rangi, namba, matundu ya kamba,
upande ambao soli imelika,
hadi cha kulia kikitambue chake.

Mwalimu Zihindula alichora ngazi iliyosokotwa
kwa chaki ndogo kuliko ukucha.
Herufi nne tu, akasema. Za mbu ni hizo, za muhogo ni hizo, zako ni hizo.
Adenini hapokei mwingine ila timini.
Guanini hapokei mwingine ila sitosini.
Nikanyosha kidole: kama viatu?
Akafikiri kidogo.
Viatu, ndiyo, lakini vya ajabu,
maana hapa kipana huozwa chembamba, siku zote.
Vipana viwili vingebomoa kuta za ngazi;
vyembamba viwili visingefikiana mikono.
Kwa hiyo ngazi haivimbi popote, wala haikondi.

A na T hufungana kwa vifundo viwili,
G na C kwa vitatu.
Kifundo kimoja ni hafifu, joto tu hukifungua.
Vifungue mamilioni, basi, tukuone.

Na uzi mmoja hupanda wakati mwenzake unashuka.
Hilo sikuhitaji kuchorewa.
Njia yetu ya mawe ndivyo ilivyo asubuhi:
akina mama na makaa mgongoni wakipanda,
sisi na madaftari tukishuka,
bega kwa bega, nyuso zimepeana kisogo.

Nikaandika: uzi mmoja ni wa mama, mwingine wa baba.
Akaikata sentensi kwa wino mwekundu.
Hapana, Nsimire. Mama alikupa ngazi nzima, ishirini na tatu,
na baba vivyo hivyo.
Kila ngazi ilikuja na nyuzi zake mbili.
Nilifuta. Nilifuta polepole.
Baba yuko Kamituga, huu mwaka wa sita, anachimba,
na nilikuwa nimependa kuamini
kwamba kuna mahali ndani yangu
anapokaa amemshika mama, herufi kwa herufi.

Viatu vinavyobaki bila mwenza havitupwi.
Fundi Cishugi hukiweka cha kushoto mezani,
hukitazama kama mtu anayesoma barua,
kisha hukata cha kulia katika tairi kuukuu.
Ngazi nayo, siku ya kuzaana, hufunguka katikati,
na kila nusu, ikiwa peke yake, bado inajua ilichopoteza:
palipo na A, leteni T;
palipo na C, leteni G.
Zinatoka ngazi mbili, kila moja na uzi mkongwe na uzi mpya.
Cishugi aliwahi kutengeneza vya kushoto viwili.
Mama akavirudisha kabla havijauzwa,
na chembe pia ina mama wa namna hiyo, mwenye macho makali.
Ila kuna kosa linalompita hata yeye.
Mtu huvaa, huenda nalo, na pengine hasikii kitu.

Jana alikuja Byamungu, muuza vocha,
anayepeleka habari za watu kutoka Bagira hadi Nyawera
kwa mguu mmoja na fimbo ya mkaratusi.
Akachagua cha kushoto, cheusi, hakina mwenzake.
Nusu bei, akasema.
Bei ni ya jozi, akajibu mama.
Jozi iko wapi?
Walibishana hadi mvua ikaanza,
na mama akacheka, akamfunga kamba mwenyewe.

Alishuka mteremko akichomeka fimbo kwenye tope.
Kesho, alisema mwalimu, tutasoma ARN:
uzi mmoja, usio na mwenza,
unaotoka peke yake kupeleka ujumbe.